Bakuli Lisilo na Chumvi

Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwajua mawifi wa mama mmoja. Mmoja hali kitunguu, mwingine hataki mafuta, na shemeji akiona pilipili hununa utadhani katukanwa. Basi mama yule akapanga vyakula vyote mezani, kila mtu ajipakulie, lawama zikome.

Wifi mkubwa akaonja bakuli la mwisho, akaduwaa. "Wifi, mboga hii haina chumvi hata chembe. Umempikia nani?"

Bakuli lile lilikuwa la mama mkwe, mgonjwa wa presha, na mama mkwe walishamzika. Mkono ulimpikia kwa mazoea. Bibi yule hakuwa na maneno mengi: chakula kisipompendeza, alifudikiza kijiko kando ya bakuli, mgongo juu, basi.

"Nimepitiwa," akasema, akalifunika bakuli.

Wote wakaenda kula chakula barazani, naye pamoja nao, nyumba ikabaki tupu. Aliporudi kuondoa vyombo, bakuli lilikuwa wazi, limeliwa nusu, na pembeni yake kijiko kimefudikizwa.

Akashika kiuno. "Hata huko, mama, bado unachagua?"