Wote Wamemaliza, Isipokuwa Virginie

Asubuhi ile Hortense hakutulia kitini. Alikwenda dirishani, akarudi mezani, akaifungua tena kompyuta na kuisoma tena ile orodha. Wauguzi kumi na wawili wa vituo vya afya vya mbali, somo moja la dakika arobaini kwenye simu: namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Kumi na mmoja walikuwa wamelimaliza. Virginie wa Kiambi peke yake alikuwa amelifungua mara kumi na tisa, na kila mara ameliacha dakika ya sita.

Somo hilo Hortense alilitunga mwenyewe, hapo hapo mjini Kalemie, kwa Kifaransa safi, miezi mitatu nzima. Papa Edmond, mkuu wa biro, yaani ofisi yao, alisema yule wa Kiambi aondolewe, maana Jumatatu wageni wanaofadhili mafunzo wanakuja kutoa vyeti. Hortense akaitika, lakini jina hakulifuta. Kitu kilimkera, asijue ni nini.

Ili autulize moyo, alimpigia Bonaventure, muuguzi wa upande wa Nyunzu aliyepata alama zote. Akamwuliza: mtoto ametoka, amelegea, halii, utaanza na nini? Bonaventure akaomba kwanza aangalie kwenye simu. Mwishowe akakiri kwamba video aliiacha ikiendelea huku yeye akijaza rejista, na majibu ya maswali aliyapata WhatsApp.

Hortense alikata simu, akampigia Virginie. Virginie hakupatikana siku mbili, kwa kuwa kule rezo, mtandao wa simu, hushika juu ya kichuguu tu, nyuma ya kanisa. Siku mbili hizo watu wa nyumbani aliwafokea bure. Siku ya tatu simu ikaitikiwa.

"Mama Hortense, unisamehe, najua sijamaliza," Virginie alisema kabla salamu hazijaisha. "Naangalia kidogo, naacha, naenda kufanya na mikono. Kupangusa najua sasa. Kusugua mugongo najua. Kushika ile maski ya kuingizia mutoto hewa njo kunanishinda, hewa inatorokea pembeni. Basi narudilia."

Alikuwa akijifunzia kwenye chupa aliyoifunga kwa kitenge mithili ya mtoto. Kifaransa cha video kilimwendea mbio, kwa hiyo mwalimu wa shule alimfasiria kipande kwa kipande. Na wiki iliyopita mtoto wa kweli alizaliwa kimya. Alimpangusa, akamsugua, mtoto akalia.

"Kama angekataa kulia, sijui ningefanya nini," alisema. "Mutoto hatangojea nimalize video."

Hortense akaenda moja kwa moja kwa mkuu wake. Papa Edmond alisikiliza akiwa ameshika karatasi za Jumatatu, akasema wageni wanataka kuona watu waliomaliza.

"Wamemaliza kuangalia, Papa Edmond. Kujifunza bado."

Hata hivyo, hakumkataza kulitengeneza somo upya. Alimwambia tu kwamba vyeti vitatoka kama ilivyopangwa.

Hortense akalikatakata somo lake. Kila kipande dakika mbili, kwa Kiswahili, tendo moja tu. Halafu muuguzi anasimama, analifanya, anajipiga video na kuituma. Ya Virginie ilipofika, Hortense aliona vidole vimeshika maski kinyume, akajua kosa ni lake mwenyewe: picha ya somo ilipigwa kutoka mbele, kwa hiyo mkono wa kushoto ulionekana wa kulia. Alipiga upya, kamera ikiwa nyuma ya bega la anayeonyesha.

Jumatatu wale kumi na mmoja walipewa vyeti. Hortense alipiga makofi pamoja na wengine, akatoka kabla ya soda.

Baada ya wiki tatu, wauguzi saba waliweza kuingiza hewa kwa maski bila kuivujisha, Virginie wa kwanza. Bonaventure alituma mara nne akikosea, ya tano akapatia. Watano hawakutuma chochote. Hortense aliandika majina yao, akatia maski na mwanasesere wa mazoezi kwenye mfuko, akaenda kuulizia pikipiki ya kumpeleka kwenye vituo vyao.