Rehma Aomba Kufundishwa Baiskeli

Kwa miaka ishirini na saba Nekoye alizunguka vijiji vya Awasi kwa baiskeli, akichanja watoto. Alistaafu na hakuiacha, hadi siku lori lilipompita karibu mno likamtupa mtaroni. Mfupa haukuvunjika, ila moyo ulivunjika. Mwanawe Mark alikuja kutoka Kisumu, akaifungia baiskeli stoo.

"Mama, una miaka sitini na minane. Ukitaka kwenda mahali, ita bodaboda."

Nekoye alitii. Miaka miwili ikapita, magoti yakakaza, hata kanisani akawa mtu wa kuinuliwa kitini.

Asubuhi moja jirani yake Rehma, mjane wa miaka sitini na mitatu muuza vitambaa, alipiga hodi.

"Mama Mark, nifundishe baiskeli."

"Wewe? Kwa umri huu?"

"Nikiwa msichana nilikatazwa. Sasa nani wa kunikataza?"

Nekoye alicheka mpaka machozi, kisha akaenda kutafuta ufunguo wa stoo.

Fundi aliteremsha kiti ili miguu ifike chini. Jumamosi wakaenda uwanja wa shule, Rehma amevaa suruali ndani ya dera. Alianguka mara tatu. Mara ya nne akaketi nyasini, akihema.

"Maneno yako siyaelewi. Panda nikuone!"

Nekoye akashika usukani. Akakanyaga pedali, akazunguka uwanja mzima. Aliposhuka alikuwa analia.

"Umeumia?"

"Hapana. Nilidhani haya yamekwisha kwangu."

Tangu hapo waliiacha barabara kuu, wakashika njia ya vumbi katikati ya mashamba ya miwa. Rehma alipoweza kuendesha peke yake, alinunua baiskeli kuukuu. Maneno hayakukosekana. "Bibi, utavunja kiuno!" walipigiwa kelele. "Basi njoo utusukume, kuna kilima!" Rehma akajibu.

Habari zilimfikia Mark, naye akaja amefura. Alimkuta mama amechuchumaa bustanini akichuma sukuma wiki, naye mama akainuka bila kushika kitu. Hasira zikamwishia. Wiki iliyofuata alileta fulana mbili za kung'aa, ili madereva wawaone.

Jioni ile Nekoye alimpelekea Rehma fulana yake, na mboga juu.

"Erokamano, dada. Asante sana."

"Asante ya nini? Si mimi niliyefundishwa?"

"Ndivyo unavyofikiri," alisema Nekoye, akamkumbatia mlangoni, wala hakuwa na haraka ya kumwachia.