Joka wa Mto Apata Nafasi ya Kuchekesha

Miao Suzhen alikuwa akimbandika nyusi mwigizaji wa mfalme wa mbinguni pale joka wa mto wa kijijini kwao alipoingia kwenye chumba cha vipodozi, akavuta kiti kusubiri zamu yake. Alikuja kwa umbo la mzee, kama alivyozoea kwenda sokoni zamani, na visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa ukavu. Mto ulikuwa umegeuzwa ili ujaze ziwa la studio.

"Mzee, umekonda," Suzhen alimwambia.

"Nimejibanza kwenye kile kisima chenu. Hakuna nafasi hata ya kujigeuza."

Alikuwa amesikia kwamba anatafutwa mtu wa kuigiza joka mfalme, na kwamba siku hizi anayesikilizwa ni anayeonekana kwenye filamu. Mwongozaji, Pang, aliyekesha kazini, alimtazama akasema zile sharubu hazionekani za kweli. Suzhen akazikunja ndani ya kola, akambandika za nailoni.

Filamu ilikuwa ya vichekesho vya sikukuu ya mwaka mpya. Miungu wa kale wanapanga fleti moja mjini. Wa radi anapeleka chakula kwa pikipiki, na joka mfalme anauza maji ya chupa kwa simu. Mzee aliyasema maneno yake kama alivyofundishwa. Kisha akaweka chupa mezani, akaikazia macho kamera.

"Nirudishieni maji yangu," alisema. "Watu wangu wana kiu."

Mvua ikanyesha juu ya meza ile tu. Mpiga picha alicheka mpaka akashika tumbo. Pang aliagiza sehemu hiyo ibaki, akamwomba mzee arudie, ila akunje uso zaidi. Alirudia mpaka jioni.

Suzhen alimfuata Pang akamweleza kwamba mzee hatanii. Pang alijifikicha macho.

"Najua, dada. Mimi mwenyewe naoga maji yenu. Lakini ziwa ni la wenye studio. Langu mimi ni kicheko."

Mwaka mpya ulipofika, Suzhen alipanda basi na mzee wakaenda kijijini. Filamu ilionyeshwa uani, kwenye shuka. Baba yake Suzhen, Miao Dehou, alisogea kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa, akamwambia wamemkumbuka sana. Vijana wa kijiji nao walionekana kwenye shuka wamevaa magamba. Waliigiza askari wa joka mfalme, kazi waliyoipata mashamba yalipokauka.

Maneno yale yalipofika, ua mzima uliangua kicheko. Dehou alicheka mpaka akakohoa. Mzee akauliza kama wamemsikia.

"Tumekusikia, mzee wetu," Dehou alisema, akipangusa macho. "Ila ulivyoukunja huo uso!"

Suzhen akampa mzee habari kwamba studio inamtaka kwa sehemu ya pili. Mzee aliuliza kama huko ataruhusiwa kuyasema tena. Akamjibu kwamba hayo hasa ndiyo wanayoyataka.

Kisima nacho kilikuwa kimekauka, kwa hiyo Dehou alimpa mgeni blanketi la pamba, akamsindikiza hadi mtoni. Mzee alijinyoosha juu ya mchanga kwa urefu wake wote, kuanzia darajani hadi kwenye kona ya mashamba ya mpunga. Alfajiri, wanawake waliopita na ndoo kwenda kungojea lori la maji walishusha sauti wasije wakamwamsha.