Nyumba Mpya Katika Mji wa Mifano

Raya analaza shavu juu ya ukurasa, tumbo limejaa chakula cha mchana, feni inazunguka juu yake, na ukurasa wenyewe ndio ule wa neno baini, ambao alasiri hii utakwenda kwa mpiga chapa pamoja na chapa mpya ya kamusi ya skuli. Maana ameiandika vizuri, hilo halina ubishi: kuona jambo kwa uwazi hadi kulitofautisha na jingine. Chini yake ameweka sentensi ya mfano: Bi Mize hawezi kubaini hata herufi moja. Bi Mize ni shangazi yake wa Pemba, aliyemlea na kumsomesha hadi akapata stashahada. Ofisini walicheka, naye akacheka nao. Kisha akampigia shangazi simu kumwambia kuwa amemtia kitabuni, bila kusema alivyomtia, na shangazi akawatangazia wanawake wote anaochambua nao karafuu. Usingizi unamchukua, na mstari ule unafunguka chini ya shavu lake kama mlango.

Yuko njiani. Njia ni nyeupe, nyembamba, imenyooka, na kila akiufikia mwisho wake anajikuta mwanzoni mwa nyingine iliyo chini yake, anatembea, anafika, anaanza tena, mpaka anauona mji ambao kuta zake zote ni vioo. Langoni amesimama mtu mwenye ungo mkononi, na mahali pa uso wake pana ngozi tupu, laini kama karatasi. Raya anamuuliza huu ni mji gani. Ni mji wa watu wanaofanya jambo moja tu, anajibu. Mbona huna uso? Aliyeniandika hakuwa na haja nao. Wanaingia. Mtu mmoja anapita mbio akitangaza kwamba daktari amebaini ugonjwa, anapiga kona, anarudi, anatangaza tena. Mwingine anasema uchunguzi umebaini, uchunguzi umebaini, na hakuna anayejali umebaini nini. Raya anatabasamu, kwani hivyo ndivyo neno lake linavyotumika kila siku redioni na magazetini. Kisimani mwanamke asiye na uso anateka maji. Raya anamwamkia. Marahaba mwanangu, lakini usinicheleweshe, nateka maji tangu chapa ya kwanza ya kamusi na ndoo haijajaa. Na yule Juma pale anacheza mpira tangu siku hiyo hiyo, hajafunga hata goli moja, maskini, wala hatafunga. Tabasamu la Raya linafutika. Hawa wote ni sentensi za mifano, na mtu akishaandikwa hapa hana pa kwenda.

Wanafika kwenye nyumba ambayo chokaa iliyoshika vioo vyake haijakauka. Ya nani hii? Ya mgeni anayehamia alasiri, anasema mwenye ungo, atakaa humo muda wote ambao kitabu kitakaa. Ndani, juu ya jamvi, amekaa Bi Mize na wenzake, rundo la karafuu katikati yao. Uso wake bado upo, ila paji limeshaanza kuwa laini kama karatasi. Vidole vyake vinatenga karafuu na vijiti vyake vya makonyo bila yeye kuvitazama. Anaokota karafuu moja, anaivunja karibu na sikio, anasikiliza, anaitia penye kavu. Nyingine anaivunja, anatikisa kichwa, anaitupa penye za kuanikwa tena. Karibu mwanangu, anasema, wenzangu hawa hawanipi raha, wanadhani nawadanganya. Hebu nisomee pale uliponitia. Raya anafungua ukurasa, anaufunika mstari wake kwa kidole. Bi Mize ni mwanamke mwema, anasoma. Wanawake wanaguna kwa furaha. Shangazi haguni. Anaokota karafuu, anaivunja sikioni, kisha anasema polepole:

Hiyo bado mbichi, mwanangu. Irudishe juani.

Raya anageuka asionekane, lakini kila ukuta ni kioo, na katika vioo vyote anautafuta uso wake asiuone. Uko wapi? anamuuliza mwenye ungo. Uliuacha pale ulipocheka. Basi anarudi jamvini, anapiga magoti, anaisoma sentensi kama alivyoiandika, neno kwa neno. Mikono ya wanawake inasimama. Bi Mize anauliza tu, watoto wa skuli wataisoma? Wataisoma. Kila mwaka? Kila mwaka, shangazi. Haya, anasema Bi Mize, na anajifunika mtandio mpaka machoni. Raya anaikamata kalamu na kuukata mstari kwa nguvu, mpaka karatasi inachanika.

Feni inazunguka. Shavu lake limeloa. Kwenye ukurasa sentensi imekatwa, wino ungali mbichi, na kando yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, pameandikwa: Bi Mize hubaini karafuu kavu kwa sauti yake inapovunjika. Hakumbuki kuiandika. Anampigia shangazi, na kabla hajamwamkia, sauti ya upande wa pili inamuuliza mbona ameinuka jamvini bila kuaga. Raya anatazama kioo cha dirisha, kisha anaharakisha kuondoa macho kabla hajajua kama uso wake umerudi. Shangazi, niwie radhi, anasema. Hujanisomea ile mpya, anajibu Bi Mize, na wenzangu wanasikiliza. Raya anaisoma taratibu, kisha anaibana simu sikioni, akingoja karafuu ivunjike.