Mlio wa Kisu cha Baba

Colin Pashley alikiachia kisu changu kijifunge chenyewe, na meza nzima ikanyamaza.

Kwetu jambo hilo halifanywi. Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha baa yetu ya Walkley, mtaa wa mji wa Sheffield, Uingereza, tunatandika kitambaa cha kijani juu ya meza na kila mtu anapanga visu alivyokuja navyo: vya kukunja, vya zamani, vyote vya mafundi wa mji wetu. Ukitaka kushika cha mwenzako, unaomba. Ukipewa, unakifungua taratibu, unakitazama, unafuta alama za vidole vyako, kisha unakifunga kwa mikono miwili, ukilishika bapa mpaka lilale ndani ya mpini. Kuiacha springi ilivute bapa lipige ndani ni kama kubamiza mlango wa nyumba ya watu.

“Samahani, Bi Shirtcliffe,” Colin alisema. Alikuwa na miezi mitatu tu nasi. “Kimeniponyoka.”

“Watu wa Leeds ndivyo walivyo,” alisema Roy Dungworth, akiutaja mji alikotoka Colin. “Hata sufuria hawawezi kufunika bila kuamsha majirani.”

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia mlio wenyewe.

Kisu hicho alikitengeneza baba yangu, Horace Shirtcliffe, katika karakana ya kupanga ambako alifanya kazi miaka arobaini. Alitengenezea watu maelfu ya visu, na kimoja tu alijitengenezea mwenyewe: bapa la mtindo tunaouita mguu wa kondoo, makali yamenyooka kama rula, mpini wa pembe nyeusi ya ng'ombe. Jioni alikuwa akikaa kitini akikifungua na kukifunga, na yeye, mwenye mali, aliruhusiwa kukiachia. Kililia *ta!*, mlio mkavu, wa juu. Nikiwa kitandani niliusikia kupitia sakafu, nikajua baba yuko nyumbani.

Mchana ule kililia *tuf*.

Colin alikuwa amekaa nacho muda mrefu kuliko desturi. Alikipeleka dirishani, akatugeuzia mgongo, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Alipokirudisha alinitazama kama anayetaka kusema jambo, kisha akanywa bia yake. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameniuliza kama nitakiuza, nami nikamwambia hakiuzwi. Niliyakumbuka hayo yote kwa mpangilio, kama ninavyoandika katika daftari langu.

Nina daftari la visu vyangu vyote. Sikusomea kazi hii, nilijifunza mwenyewe baada ya kustaafu kazi ya maktaba, na mtu aliyejifunza mwenyewe haamini kichwa chake sana. Kila kisu kina ukurasa wake: nimekichora kwa penseli, nimeandika urefu, siku nilipokipaka mafuta, nani alikishika.

Usiku ule niliweka kisu cha baba juu ya mchoro wake. Urefu ulikuwa sawasawa. Hilo halikunituliza, maana karakana za zamani zilitoa visu vya mtindo ule kwa kipimo kimoja, na mtu mwenye subira angeweza kutafuta pacha. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tumzike baba, miaka kumi na moja iliyopita. Nilikifungua, nikakiachia.

*Tuf.*

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia Roy.

“Kakibadilisha!” alipiga kelele kwenye simu. Roy alifanya kazi kwenye tanuri za chuma, hajui kuongea polepole. “Pale dirishani, Beryl, mpenzi! Kaingiza chako mfukoni, katoa chake!” Roy humwita kila mtu mpenzi, hata dereva wa basi.

“Sina hakika, Roy.”

“Mimi ninayo ya kututosha wawili. Mtu anauza visu kwenye mtandao, anakaa kwetu anakula pai zetu, unadhani anatupendea nini? Uzuri wetu? Jumamosi tunamtoa. Na nikimtoa mimi, hakuna meza ya visu nchi hii itakayompa kiti.”

“Nipe mpaka Jumamosi niangalie vizuri.”

“Angalia, mpenzi, angalia. Ila hao hawaachi nyayo.”

Jumatatu Roy alinipigia tena, akaniambia nifungue mtandao. Colin alikuwa ameweka kisu cha kuuza: mguu wa kondoo, pembe nyeusi, inchi tatu. Picha ilikuwa ya upande mmoja tu. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Kuna saa nilikiona ni cha baba, na kuna saa nilikiona ni kisu tu. Niligundua kwamba nikianza na uso wa Colin kisha nikatazama picha, kilikuwa cha baba. Nikianza na mchoro wangu, kilikuwa cha mtu mwingine. Hilo liliniogopesha kuliko picha yenyewe.

Jumatano niliamua kuangalia ndani.

Mafundi wa zamani walikuwa na njia yao ya kutochanganya vipande. Kabla hawajaunganisha kisu, kila kipande hukatwa alama ndogo za tupa mahali pasipoonekana, ili vipande vilivyosuguliwa pamoja visipotezane kwenye rundo. Vya kisu hiki baba alivikata alama tatu, moja fupi katikati ya mbili ndefu. Alinionyesha nikiwa na miaka tisa. Ziko kwenye bati la shaba la ndani, kwenye shina la bapa, na kwenye tumbo la springi.

Niliweka taa, tochi na lenzi, nikafungua kisu nusu. Kwenye shaba, alama tatu, ya katikati fupi. Kwenye shina la bapa, tatu. Nilishusha pumzi. Kilikuwa kisu cha baba.

Kisha nikamulika tumbo la springi. Lilikuwa safi. Hapakuwa na alama hata moja.

Nilizima tochi, nikafikiri. Kubadilisha springi unang'oa misumari inayoshika mpini, na pembe kavu hupasuka ukikosea kidogo. Unapika springi mpya kwa moto, unaisugua mpaka ikae, unaurudisha mpini, unagonga misumari na kuing'arisha ili isionekane. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi hasa. Haifanyiki dirishani ndani ya baa na glasi ya bia mkononi.

Na mimi nilikuwa nimesikia mlio mpya Jumamosi, nikaamini umebadilika Jumamosi. Katika daftari langu kila kitu kilikuwa na tarehe isipokuwa mlio. Ule ulikuwa kichwani, na mara ya mwisho niliusikia baba akiwa hai. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikikifunga kwa mikono miwili, kimya, kwa heshima.

Nikafungua ukurasa wa nani alikishika. Waliokishika mezani walikuwa wengi. Aliyelala nacho alikuwa mmoja. Kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Februari 9 hadi 13. Kwa Alwyn, kukaza mpini.*

Alwyn Hague ana miaka themanini na minne. Alikaa benchi moja na baba, ndiye aliyebeba jeneza upande wa kushoto, na ndiye tunayempelekea visu vyetu vikilegea. Nikakumbuka jambo lingine. Kwa kawaida mtu akibamiza kisu, Alwyn ndiye wa kwanza kumkaripia. Jumamosi ile aliinamia glasi yake, hakusema neno.

Ijumaa nilipanda kwake. Alifungua mlango akaelekeza uso kwenye sauti yangu, si kwenye macho yangu. Nilikuwa nimeliona hilo miezi mingi, nikaliita uzee.

“Umeangalia ndani,” alisema, kabla sijakaa.

“Nimeangalia.”

“Horace na alama zake.” Alicheka kidogo bila furaha. “Jiriwa, mwanangu. Niliibana springi humo kupita kiasi. Sikuona. Ikakatika vipande viwili mkononi mwangu.”

“Ungeniambia.”

“Nikuambie nini? Kwamba nimevunja kitu pekee ambacho baba yako alijitengenezea?” Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo cha tumbaku, akakishika bila kukifungua. “Nilitengeneza nyingine. Siku tatu, kwa kupapasa. Nadhani ndiyo ya mwisho nitakayotengeneza. Inakaa vizuri?”

“Inakaa vizuri. Mlio ndio si wenyewe.”

“Hapana. Mlio ni wa Horace.”

Nilimwambia kuhusu Colin na mpango wa Roy. Alijua. Roy alikuwa ameshampigia.

“Na ulimjibu nini?”

Hakuangalia popote. “Nilisema kweli Pashley alikaa sana dirishani.”

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimekuja na huruma, ikabidi niishushe chini kidogo.

“Kesho useme mwenyewe,” nilimwambia.

“Wakijua macho yamekwisha, hakuna atakayeniletea kisu tena, Beryl. Nitabaki nimekaa tu.”

“Na Colin atabaki wapi?”

Nilimwacha na kikopo chake.

Jumamosi Colin alikuja na pai mbili za nyama ya nguruwe, kubwa, za bucha nzuri. Hakuna aliyekata. Alitandaza visu vyake, akatazama nyuso zetu, akaanza kuvipanga upya ingawa vilikuwa vimepangika. Alwyn alikuwa kwenye kona yake, mkono mmoja mfukoni.

Roy alisimama. “Haya. Kuna mtu hapa ana kitu kisicho chake.”

“Kaa, Roy,” nilisema.

“Beryl, mpenzi, tulikubaliana...”

“Nilikuomba muda niangalie. Nimeangalia.” Niliweka kisu katikati ya kitambaa. “Hiki ni kisu cha baba, kile kile. Springi ndiyo iliyobadilishwa, na haikubadilishwa Jumamosi, wala haikubadilishwa na Colin. Nilimshuku bure. Colin, nakuomba radhi mbele ya hawa.”

Colin alitazama kisu, kisha Roy, kisha mimi. “Ulinishuku mimi?”

“Nilikushuku.”

“Kwamba nimekiiba?”

“Ndiyo.”

Aliweka chini kitambaa chake cha kufutia.

“Nani basi?” Roy aliuliza. Kwa aibu alikuwa amezidisha sauti. “Springi haijibadilishi. Nani?”

Sikujibu. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha nikaona kwamba kumsafisha mmoja hakunilazimu kumvua nguo mwingine. Lakini sikuwa nimefikiria ukimya utakavyofanya kazi. Niliona Roy akimtazama jirani yake, jirani akamtazama mwenye baa aliyekuja kuchukua glasi, na mikono ikaanza kuvuta visu karibu na vifua. Kwa dakika moja meza yetu yote iligeuka kama ile picha ya mtandaoni: kila uso ukiuanza kwa shaka, ulikuwa wa mwizi.

“Beryl, usiwatese,” alisema Alwyn.

Aliweka kikopo juu ya kitambaa cha kijani, akakifungua kwa kupapasa. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya chuma. Hata kutoka pale nilipokuwa niliziona alama tatu.

Akasema yote: jiriwa, macho, simu ya Roy na alivyomjibu. Aliyasema akiwa ameelekeza uso mahali ambapo Colin hakuwa amekaa, na Colin, kwa adabu yake, alisogeza kiti mpaka akawa mbele ya maneno.

“Nilijua springi ni mpya,” Colin alisema Alwyn alipomaliza. “Niliiona dirishani. Nilidhani Bi Shirtcliffe anajua. Mgeni hamwambii mwenye kisu mbele ya watu kwamba kisu chake kimefunguliwa. Nilisoma kwamba hapa ni matusi.”

“Ulisoma wapi?” Roy aliuliza.

“Niliwatazama ninyi.”

Roy alikata pai. Alimpa Colin kipande cha kwanza, kikubwa, akamwita mpenzi. Colin alikula, akashukuru, akaondoka mapema.

Sasa ni Oktoba. Alwyn bado anakuja. Visu haletewi, ila tunamkalisha na Roy, naye anamwelekeza Roy namna ya kukaza mpini, na matusi yanayotoka kona ile yanamfanya mwenye baa afunge mlango. Mimi nilimsamehe kosa la jiriwa siku ile ile. Lile jibu la simu bado nalifanyia kazi.

Colin alikosa Jumamosi nne, kisha akarudi. Tulifurahi kupita kiasi, kama watu wenye hatia. Lakini tangu arudi, kisu cha mtu kikizunguka na kufika kwake, anaweka mikono magotini.

“Kiweke mezani tu,” anasema. “Nitakiangalia kwa macho.”

Wiki iliyopita nilikaa karibu naye makusudi. Nilifungua kisu cha baba, nikamnyooshea.

“Kiachie,” nilimwambia. “Acha kilie. Mwenyewe nimeruhusu.”

Colin alitazama kisu. Hatimaye alitoa mikono magotini, akakipokea, akafuta bapa upande huu na upande huu. Kisha akakifunga kwa mikono miwili, taratibu, bila mlio wowote, akanirudishia, akafungua viganja vyote viwili juu ya kitambaa ili kila mtu aone kwamba ni vitupu.