Kondoo Aliyechinjwa na Mussa

Ngozi niliileta mwenyewe kutoka kwetu Ulyankulu, nimeiviringisha ndani ya salfeti na kuiweka miguuni kwenye basi mpaka Tabora mjini. Ilikuwa ya kondoo dume, nyeupe, yenye manyoya marefu kuliko ya kondoo wengi wa kwetu. Baba aliichuna taratibu, haikuwa na hata tobo moja la kisu.

Bi Mwanne aliitandaza uani kwake Chemchem, akaipitishia mkono kinyume cha manyoya. Nilikuwa nimemfanyia kazi miezi mitano, nakwangua ngozi na kukoroga mapipa ya magome, na hakuwahi kunisifu. Siku hiyo alisema, "Rustika, huyu aliyechuna ana mkono. Wale wa machinjioni wananiletea ngozi kama chekeche."

Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto.

"Alichinja nani?" akauliza.

Aliuliza hivyo kwa kila ngozi, hata kwa wale waliotoka nazo Bukene. Sababu sikuijua, na mimi si mtu wa kuuliza. Tangu nilipoacha shule darasa la tano nimezoea kunyamaza, watu wasijue nisichokijua.

Kondoo yule hakuchinjwa. Alijinyonga kwa kamba, tukamkuta asubuhi amekakamaa kando ya kichuguu. Na tulimla. Pale uani alikuwepo Yasmini, binti wa Bi Mwanne, anapaka nta uzi wa pamba. Wiki moja kabla alikuwa ametania kwamba sisi watu wa Ulyankulu hatuulizi mnyama amekufaje, tunauliza chumvi iko wapi. Wote walicheka, na mimi nilicheka nao.

"Jirani yetu Mwislamu," nikasema. "Kwetu tunamwita yeye."

Bi Mwanne akaitikia kwa kichwa. Hakuitia ngozi kwenye maji ya majivu, yale yanayong'oa manyoya. Aliiloweka na manyoya yake kwenye maji ya magome ya mgunga, mekundu kama chai ya rangi, wiki tatu. Pale hatutumii dawa za viwandani wala ngozi ya plastiki, na wateja wa Dar es Salaam wanampendea hilo.

Lakini ngozi hii haikuwa ya wateja. Ilikuwa ya kaka yake, Mzee Adinani, mstaafu wa reli anayeishi nyumba ya pili. Alitaka khuffu, soksi za ngozi. Mtu akizivaa akiwa na udhu, swala zinazofuata za siku hiyo haoshi tena miguu, anapitisha tu mkono uliolowa juu yake. Mwezi wa sita maji ya Tabora ni baridi, na visigino vya mzee vilikuwa vimepasuka hadi vinatoa damu. Zikashonwa manyoya yakiwa ndani. Mshono wote ni wangu.

Nilimpelekea mwenyewe. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti." Alizivaa, akachezesha vidole. "Miguu imerudi ujana. Imeniacha mimi. Na aliyechinja anaitwa nani, nimtie kwenye dua?"

Sikuwa nimejiandaa. "Mussa."

Tangu hapo kila nikipita barazani kwake aliuliza, "Mussa hajambo?" Najibu hajambo. Siku moja akauliza kama ana watoto. Nikasema watatu. Baadaye nikampa Mussa mke anayeumwa mgongo, kwa sababu mzee aliuliza na sikujua pa kuachia. Akamwombea na mke.

Miezi miwili ikapita. Maulidi yalipokaribia, mzee aliniita, akanipa kanzu mpya ndani ya gazeti. "Ukienda kwenu, mpelekee Mussa. Mwambie ni shukrani ya miguu yangu."

Niliishika. Ilikuwa na darizi shingoni, kazi ya mtu aliyekaa siku nyingi. Ningeweza kuondoka nayo.

"Babu, Mussa hayupo."

"Innalillahi. Amefariki lini?"

"Hajafariki. Hakuwahi kuwepo."

Nikamweleza yote, kamba, kichuguu, na kwamba tulimla. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaagiza Bi Mwanne aitwe, nikalazimika kusema mara ya tatu, Yasmini akiwa amesimama nyuma ya mama yake.

Bi Mwanne alikaa chini. "Ngozi ya kibudu ikishapita kwenye magome inatoharika," alisema. "Ndivyo tulivyosomeshwa. Manyoya ndiyo hayatohariki. Ndiyo maana nauliza. Ungeniambia, ningeitia majivu, yakang'oka. Kazi ya siku mbili tu."

"Nilidhani utaitupa."

"Niitupe ngozi kama ile?"

Mzee alikuwa anazivua, moja, halafu ya pili. "Swala zangu zote hizo nilikuwa na najisi miguuni," akasema.

"Kaka, hukujua. Kuna wanazuoni wanaosema swala za asiyejua zimepita."

"Wapo. Lakini mimi sasa najua."

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Yasmini naye hakutania. Aliichukua kanzu mikononi mwangu, akaikunja, akairudisha ndani.

Niliyanyoa manyoya kwa wembe, khuffu zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Pale uani hatutupi kitu, hata vipande vya ngozi tunajazia mito, lakini yale Bi Mwanne aliniambia nikayafukie. Nikaziosha, nikazipaka nta upya. Ila zilikuwa zimekatwa kwa kuachia nafasi ya manyoya, na sasa zikawa kubwa. Nilimwambia mzee nitamshonea nyingine. Akasema hizi ziishe kwanza.

Sasa kila swala anaiswali, kisha anasimama tena kulipa moja ya zile za nyuma. Napita na ndoo za maji ya magome namwona ameshika ukuta akiinuka, maana magoti ni mabovu. Nasubiri amalize ndipo nimwamkie. Habari za Mussa haulizi.

Juzi alinisimamisha. "Baba yako, aliyechuna, anaitwa nani?"

"Viktori."

"Huyu yupo?"

"Yupo, babu."

"Viktori," akasema taratibu, kama anayejifunza. "Basi nitamwombea yeye."

Jina hilo nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Sikuweza kuinua uso. Nilitazama khuffu zake, zilivyolegea na kujikunja vifundoni.