Kufaulu na Kutofaulu kwa Tarishi wa Mahakama

Kiberiti alirudi likizo akiwa na sifa mbili. Alikuwa wa tatu darasani, na alikuwa amefunga soksi kwenye ulimi wa kengele ya shule hata bweni zima likalala mpaka jua likawachoma nyayo. Sifa ya kwanza iliandikwa kwenye ripoti. Ya pili haikuwa na shahidi, kwa sababu Kiberiti aliishika kanuni kuu ya watundu wa bweni la wasichana: mzaha ukitangazwa kabla ya wakati wake si mzaha tena, ni maombi ya adhabu. Hakumwambia mtu mipango yake, hata aliyelala kitanda cha chini.

Nyumbani alimkuta kaka yake mbele ya televisheni, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, kama bondia aliyepewa glovu moja.

"Karibu, msomi," kaka alisema. "Ningekupa mkono, ila umepungua."

Vidole vitatu vilikuwa vimebaki karakana ya useremala, kwenye meza ya msumeno wa mviringo, chombo kisichobagua mninga wala fundi. Msumeno kama ule hutoka kiwandani na kinga yake, kofia ya chuma inayofunika meno. Mwenye karakana aliing'oa mwaka uliopita kwa kuwa mbao hupita upesi pasipokuwa na kofia. Sasa alikuwa anasema kaka ndiye aliyeing'oa, kwa pupa yake. Mkaguzi wa kazi alitazamiwa juma lile aje aamue. Kama kinga iling'olewa na huyo tajiri wake, kaka angepata fidia na kazi nyingine ya kukaa. Kama aliing'oa mwenyewe, basi ni mzembe, na mzembe hana dai.

Walipokuwa wakimsubiri mkaguzi, walitazama Wakorea.

Jirani alikuwa amewaazima flashi yenye tamthilia nzima ya mapigano. Ilimhusu tarishi wa mahakama, kijana mpole anayepeleka hati za wito mlango kwa mlango. Kila hakimu alipomwachia mwovu huru, tarishi alivaa koti refu jeusi akarudi kwenye mlango uleule, safari hii bila hati. Mama aliitazama kwa jicho moja. Jingine lilikuwa kwenye cherehani, kwa kuwa sare za shule hazijishoni.

"Koti lile lina bitana nzuri," mama alisema. "Ila anapigana ghorofa tatu na mshono wa kwapa haufumuki. Huo ni uongo."

Mwalimu wa fasihi wa Kiberiti aliwafundisha kwamba kila kazi ya sanaa ina kufaulu na kutofaulu, na kila hoja sharti itajwe, ifafanuliwe, itolewe mfano. Kiberiti aliona hiyo ndiyo dawa ya mgonjwa. Akasimama mbele ya televisheni, akakohoa kama mwalimu mkuu.

"Ndugu wajumbe, hoja ya kwanza ya kufaulu. Aliyeonewa anasadikiwa. Kila mwenye kilio akifungua mlango, tarishi anavua viatu, anaketi, anasikiliza. Hamwulizi shahidi wake yuko wapi."

Kaka hakucheka. "Hiyo kweli. Hebu rudisha pale anapoketi."

"Ngumi ziko mbele, kaka."

"Ngumi nimeziona. Rudisha anapoketi."

Akarudisha. Wakamtazama Mkorea akiketi sakafuni mbele ya kikongwe aliyenyang'anywa duka, akiitikia kwa kichwa, na kaka naye akaitikia kwa kichwa, polepole, kana kwamba zamu yake ya kueleza ingefuata.

"Hoja ya pili," Kiberiti aliendelea, "ni ushahidi. Mwovu hawahi kuuchoma. Tarishi humtangulia, akauchukua, akautoa mbele ya watu siku ya siku. Mfano, zile kanda alizozitoa kwenye jokofu la wakili."

"Na kutofaulu?" aliuliza mama.

"Kutofaulu nasema mimi," kaka alijibu. "Amevunja mikono ya watu chungu nzima, na hatujaonyeshwa hata mmoja kesho yake asubuhi akifungwa vifungo vya shati na mama yake."

Mama akakata uzi kwa meno, akavuta sare nyingine.

Asubuhi iliyofuata mama alimtuma Kiberiti karakana akachukue nguo za kazi za kaka na patasi zake. Mwenye karakana alikuwa uani akimsifia mteja mbao zenye nyufa. Ndani, Fundi Mrefu, aliyefanya kazi meza moja na kaka tangu ujana wao, alimsogelea akijifanya anafagia maranda.

"Kinga ipo," alisema bila kuinua uso. "Ofisini, nyuma ya mlango, imetundikwa msumarini. Tajiri hajaigusa tangu aiweke."

"Basi useme, mjomba."

"Niseme mimi, halafu wanangu wale maranda? Kakako anajua ilipo. Mkaguzi atafungua mlango kwa mkono wake, aone kwa macho yake. Wewe chukua patasi uende."

Kiberiti alizichukua patasi. Lakini mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na alipochungulia nyuma yake aliiona ile kofia ya chuma, vumbi juu yake nene kama blanketi. Akili yake, iliyokuwa ya tatu darasani, ikamwambia: tajiri anajua mkaguzi anakuja, na tajiri si mjinga, leo au kesho ataitupa chooni. Simu ya mama ilikuwa nyumbani, hata picha asingeweza kupiga. Akakumbuka jokofu la wakili. Akaitungua kinga, akaifunga katika ovaroli la kaka, akaiweka begini, akatoka akimwamkia mwenye karakana kwa heshima zote za shule ya bweni.

"Marahaba, binti. Mpe kaka pole."

Hakumwambia kaka. Hakumwambia mama. Alilisukuma begi chini ya kitanda, akalala usingizi wa mtu aliyefunga kengele.

Mkaguzi alikuja siku mbili baadaye, mama mmoja wa makamo mwenye viatu vya chini na uchovu wa mtu anayekagua wilaya nzima peke yake. Kaka aliitwa. Kiberiti akafuatana naye, amebeba begi.

"Umekuja na masanduku?" kaka alimtania njiani. Alikuwa mchangamfu, mara ya kwanza tangu likizo ianze. "Unahamia?"

"Utaona."

Mafundi walisimama. Mkaguzi aliutazama msumeno, akaandika. Kisha kaka, kwa sauti ya kujiamini ambayo Kiberiti hakuwa ameisikia siku nyingi, akasema, "Mama mkaguzi, kinga yake iko ofisini kwa tajiri. Fungua mlango, tazama nyuma yake."

Mkaguzi alifungua. Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari.

Kaka aliukazia macho ule msumari. Fundi Mrefu akainama, akaanza kupiga randa ubao uliokwisha kupigwa.

"Mimi sijapata kuona kinga humu," alisema mwenye karakana kwa upole. "Vijana hawa huing'oa wenyewe wapate kukimbiza kazi. Nimewakanya mpaka nimechoka."

Huo ndio wakati. Kiberiti alisogea mbele kama tarishi anavyosogea katikati ya ukumbi wa mahakama, akafungua zipu, akalikunjua ovaroli, akaiinua kinga juu kwa mikono miwili. Alingoja watu washtuke na tajiri apige magoti.

Hakuna aliyepiga magoti. Mwenye karakana alikuwa wa kwanza kuelewa, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyewekewa mto kichwani.

"Na imetoka begini kwao," alisema. "Imefungwa kwenye ovaroli lake mwenyewe. Mama mkaguzi, unataka nini zaidi?"

"Niliitoa hapo msumarini," Kiberiti alisema. "Juzi. Nilijua ataitupa. Mjomba pale anajua."

Randa ya Fundi Mrefu ilipita ubaoni, ikarudi, ikapita.

"Mwanangu," mkaguzi alisema, wala hakuwa mkali, "mimi naandika nilichokikuta. Ofisini nimekuta msumari. Kinga nimeikuta kwako. Huenda unasema kweli. Ungeiacha pale ilipokuwa, nisingehitaji kukuuliza."

"Kama aliitoa ofisini," mwenye karakana alidakia, "basi ni wizi, na polisi si mbali. Sipendi kumharibia mtoto wa shule jina. Lakini lazima tujue moja. Ama kinga ilikuwa kwangu na huyu binti ni mwizi, ama ilikuwa kwao siku zote."

Kiberiti alifungua kinywa aseme ni mwizi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Kaka akamwahi.

"Ilikuwa nyumbani," alisema. "Niliing'oa mimi."

"Kaka, hapana."

"Nyamaza. Una shule."

Mkaguzi alimtazama kaka kwa muda, kama anayempa nafasi ya kubadili maneno yake. Kaka hakuibadili kauli. Akapewa kalamu, akaishika kwa mkono wa kushoto, na jina lake likatambaa kwenye karatasi kama la mtoto wa chekechea. Mwenye karakana aliipokea kinga mikononi mwa Kiberiti na kumshukuru.

Wakashika njia ya nyumbani. Nyuma yao msumeno ukawashwa.

"Nitukane basi," Kiberiti alisema.

"Nimechoka, mdogo wangu."

"Ningekwambia mapema, ungenizuia."

"Ningekuzuia."

Kiberiti alitamani kaka akasirike, ampige hata kofi la mkono ule mzima. Kaka alilichukua tu begi lenye ovaroli kutoka begani kwake, akalibeba yeye.

Walipofika mama alikuwa amekwisha kuweka sare pembeni na kuvaa gauni la kutokea, kwa kuwa alikusudia kwenda kutoa habari njema kwa ndugu. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Haya, imekuwaje?"

Wakasimama mlangoni, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme.